Fleti yenye bwawa Watamu, na maji yanayolijaza

Kila ninapomweleza mtu kwamba nimepanga fleti yenye bwawa la kuogelea hapa Watamu, swali la kwanza huwa ni lile lile: ya nini kulipia bwawa ilhali Bahari Hindi iko mwendo mfupi kwa miguu? Ni swali la haki, na wenyeji ndio wanaoliuliza kwa mkazo zaidi, kwa kuwa mtu aliyezaliwa kando ya bahari huona ajabu kumlipa mwenzake ili aoge katika shimo lililosakafiwa vigae. Hata hivyo, baada ya kuishi humu misimu yote miwili ya kaskazi na kusi, ninayo majibu, na mengi kati yake yanahusu jambo ambalo madalali hawalitaji wanapokuonyesha nyumba, yaani maji yenyewe: yanakotoka, anayeyalipia, na anayeyatunza.

Tuanze na bahari, kwa sababu ndiyo mshindani wa bwawa. Ufuo wa Watamu una ghuba zenye mchanga mweupe na visiwa vidogo vya mawe ya matumbawe, na sehemu kubwa ya maji yake iko ndani ya hifadhi ya taifa ya baharini iliyotangazwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi. Uzuri wake hauna ubishi. Lakini bahari hii inafuata mwezi. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani ya Kenya hukaribia mita 4, na maji yanapopwa huacha uwanda mpana wa mwamba, nyasi za baharini na vidimbwi, kiasi kwamba unaweza kutembea kwa miguu hadi kwenye visiwa ambavyo saa chache kabla vilihitaji mtumbwi. Mtu aliye likizoni hupanga siku yake kwa kufuata maji. Mtu mwenye kazi za kuajiriwa, ambaye nafasi yake ya kuogelea ni saa kumi na moja jioni, atakuta mara nyingi kwamba saa hiyo bahari imeshaondoka. Ukiongeza upepo wa kusi, ambao kuanzia mwezi wa Aprili au Mei hadi Septemba huchafua bahari na kusukuma mwani ufuoni, utaona kwamba kuna wiki nzima ambazo mzazi mwenye busara hawezi kumpeleka mtoto anayejifunza kuogelea kwenye mawimbi yale.

Hiyo ndiyo sababu iliyonivuta. Nilitaka wanangu wajue kuogelea, na kuogelea hufundishwa vizuri zaidi mahali ambapo maji hayasogei, kina kinajulikana, na mwalimu anaweza kusimama. Inashangaza jinsi watu wengi wa miji ya pwani wasivyojua kuogelea, hata wale ambao jamaa zao ni wavuvi.

Sasa, kuhusu mji wenyewe na soko lake la nyumba. Watamu ni mji mdogo wa Kaunti ya Kilifi, ulio upande wa bahari ukikata kona kwenye njia panda ya Gede katika barabara ya Mombasa kwenda Malindi. Kwa ukubwa wake, una mabwawa mengi mno. Chanzo chake ni historia ya utalii wa Malindi na Watamu, ambao kwa miongo kadhaa umeegemea sana wageni kutoka Italia. Wengi walianza kwa kuja hotelini, baadaye wakanunua au kujenga nyumba zao za likizo, na vijana wa ufuoni wakajifunza Kiitaliano kabla hata ya kukikamilisha Kiingereza. Nyumba ya likizo ya mtu wa Ulaya haikamiliki bila bwawa. Kwa hiyo fleti nyingi zenye bwawa hazikujengwa kwa ajili ya mpangaji wa mwaka mzima. Zilijengwa kwa ajili ya mwenyewe kuzitumia kuanzia Desemba hadi Machi, na miezi iliyobaki ni ziada.

Mpangaji asiyelielewa hilo atasumbuka. Katika mji wa aina hii kuna bei mbili za nyumba ile ile. Ya kwanza ni ya msimu wa wageni, wakati kila mwenye fleti anataka kukodisha kwa usiku mmoja mmoja kupitia Airbnb au kwa marafiki, na kwa wiki mbili za Krismasi na mwaka mpya anaweza kupata fedha inayopita kodi ya miezi kadhaa. Ya pili ni ya msimu wa mvua, wakati mji unapolala na mikahawa inafungwa, na mwenye nyumba anafurahi kupata yeyote atakayewasha taa na kufungua madirisha ili ukungu usile makabati. Dalali atakuonyesha fleti mwezi wa Mei, akutajie bei ya kuvutia, na asiseme lolote kuhusu Desemba. Ni lazima mkataba utamke wazi kwamba ni wa miezi kumi na miwili mfululizo kwa kodi moja, na kwamba hutatakiwa kuhama ifikapo msimu. Nimewaona majirani waliokubaliana kwa mdomo wakifungasha virago katikati ya Desemba, wakati ambapo hakuna nyumba nyingine ya kupanga mji mzima.

Nirudi kwenye maji, ambapo ndipo penye uzito wa jambo hili.

Bwawa la kawaida la majengo ya fleti huwa na urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha wastani cha mita moja na nusu. Hesabu yake ni rahisi: mita za ujazo 75, yaani lita 75,000. Boza la maji la lita 10,000 lingehitaji kuja mara saba na nusu kulijaza. Kwa bahati nzuri bwawa halijazwi kila mwezi, lakini linapoteza maji kila siku. Katika jua na upepo wa pwani, tukichukua kwamba maji yanashuka kwa milimita 5 tu kwa siku, bwawa la ukubwa huo linapoteza lita 250 kila siku, ambazo ni takriban lita 7,500 kwa mwezi, bila kuhesabu yale yanayorushwa na watoto wala yale yanayomwagwa wakati wa kusafisha chujio la mchanga, ambapo maji hurudishwa kinyume kupitia mchanga huo kwa dakika chache na kutupwa pamoja na uchafu.

Maji hayo yanatoka wapi? Maji ya mfereji ya Watamu ni ya mradi wa Baricho, kwenye Mto Sabaki, ambao visima vyake vinategemewa vilevile na Malindi, Kilifi na hata Mombasa. Ni maji matamu, lakini yanasukumwa kwa umeme kutoka mbali. Umeme ukikosekana au bomba likipasuka, mifereji hukauka kwa siku kadhaa, na hapo kila mmoja hutegemea tangi lake. Chanzo cha pili ni kisima. Ardhi yetu ni mwamba wa matumbawe wenye matundu, maji ya mvua hupenya upesi na kuelea juu ya maji ya bahari yaliyoingia chini ya nchi kavu, na anayevuta kupita kiasi huivuta chumvi. Visima vilivyo karibu na ufuo hutoa maji ya magadi ambayo hayapikii chai wala hayatoi povu la sabuni.

Jambo hili si geni hapa. Kilomita chache kutoka nilipo yako magofu ya Gede, mji wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 17 na ambao mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kati ya sababu zinazotajwa na wataalamu kueleza kwa nini watu waliuacha mji ule wenye misikiti, jumba la kifalme na mifereji ya kupitishia maji, mojawapo ni kushuka kwa maji ya ardhini, kwa kuwa kisima kilicho karibu na msikiti mkuu kinaonyesha dalili za kuchimbwa chini zaidi baada ya kujengwa. Siwezi kupita pale nisiyafikirie mabwawa yetu.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalomshauri mpangaji aulize, kabla ya kuuliza kodi, ni hili: bwawa linajazwa kwa maji gani? Ukijibiwa kwamba ni ya mfereji, uliza kinachofanyika mfereji unapokauka, kwa sababu haifai kuoga kwa ndoo ilhali bwawa limejaa kwa maji yaliyotoka katika tangi la nyumba zenu. Ukijibiwa kwamba ni ya kisima, tazama vyuma. Ngazi ya bwawa inayooza kwa kutu, vigae vyenye utando mweupe wa chokaa kwenye mstari wa maji, na maji yanayogeuka rangi ya chai hafifu kila dawa inapotiwa, vyote ni dalili za maji mazito yenye chumvi na madini ya chuma. Hayo hayakuzuii kuogelea. Yanakuambia tu kwamba pampu itaharibika mara kwa mara, na kwamba kuna mtu atakayetakiwa kuilipia.

Niliwahi kukagua jengo moja ambalo bwawa lake lilikuwa na maji mangavu ajabu, nikamkuta mzee aliyelitunza akifagia vipande vya makuti vilivyodondoka kutoka paani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilimuuliza maji yale yalibadilishwa lini. Alicheka kwa upole. "Bwawa halibadilishwi maji, mwanangu. Bwawa linatunzwa. Ukimwona mtu anamwaga maji yote kila mwezi, ujue dawa zimemshinda."

Nilijifunza zaidi kwa mzee yule kuliko kwa madalali wote. Alinieleza kwamba klorini hutiwa jioni kwa sababu jua la mchana huila kwa saa chache, kwamba mvua kubwa ya masika hulidhoofisha bwawa kwa siku moja, na kwamba harufu kali inayowafanya watu waseme dawa imezidi mara nyingi huwa na maana tofauti kabisa: klorini imekwisha kuchoshwa na jasho, mafuta ya kujipaka na mkojo, na kinachonukia ni mabaki yake. Anayetaka vipimo, klorini huru iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita moja ya maji, na kipimo cha asidi (pH) kiwe kati ya 7.2 na 7.8, vifaa vya kupimia ni vya bei nafuu, na mtunza bwawa asiyekuwa navyo anakisia. Kwa macho matupu, simama upande wenye kina kirefu utazame kifuniko cha tundu la kutolea maji kilichoko chini. Kama hukioni vizuri, usimtie mtoto humo.

Ndiyo maana mimi hulikagua bwawa kabla ya kukagua jiko. Kuta zinaweza kupakwa rangi asubuhi ya siku unayokuja kutazama nyumba, na bomba linaweza kufungwa uzi likaacha kuvuja kwa saa mbili, lakini bwawa lililoachwa kwa wiki tatu haliokoleki kwa siku moja. Kama mishahara ya watunzaji inachelewa, bwawa huanza kuwa la kijani. Kama bili ya umeme wa pamoja haijalipwa, pampu hunyamaza na mbu huanza kutaga. Kama wenye fleti wanagombana kuhusu michango, kuna kigae kilichong'oka tangu msimu uliopita ambacho hakuna anayetaka kukirudisha. Mwenye kujua kutazama atajua hali ya jengo zima pale pale ukingoni, bila kuuliza mtu.

Suala la nani analipa ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa. Katika majengo mengi ya hapa, kila fleti ina mwenyewe, wengine wako ng'ambo, na vitu vya pamoja kama bwawa, bustani, lango na walinzi hugharimiwa kwa ada ya huduma inayolipwa kila mwezi au kila robo mwaka. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inawataka wenye sehemu wawe na shirika lao la kusimamia mali ya pamoja, na palipo na shirika linalokutana kweli, mambo huenda. Pasipo na hilo, msimamizi mmoja hukusanya fedha na kutoa maelezo anapotaka. Mpangaji hana kura katika mkutano huo, lakini matokeo yake anayahisi yeye kabla ya mwenye fleti aliye Ulaya.

Kwa hiyo mkataba wangu unaeleza kwamba ada ya huduma ni ya mwenye fleti na imo ndani ya kodi. Mara ya kwanza alitaka niilipe mimi, na hoja yake haikuwa mbaya, maana mimi ndiye ninayeogelea. Ila ada hiyo inaweza kupandishwa katikati ya mwaka na watu nisiowajua, nami sikuwa tayari kutia sahihi kwenye kiasi kisichojulikana. Tulikubaliana kwa kodi kubwa kidogo na utulivu wa moyo. Pia niliomba kifungu kimoja ambacho ajenti alikiona kama mzaha: bwawa likikaa bila kutumika kwa zaidi ya siku 30 mfululizo, kodi ipunguzwe kwa asilimia tuliyoiandika hadi litakapofunguliwa. Bwawa ndilo lililoipandisha bei ya fleti ile ikilinganishwa na fleti jirani isiyo nalo. Sioni ni kwa nini nilipie shimo.

Umeme nao una hesabu yake. Ndani ya fleti mimi hununua tokeni zangu mwenyewe, lakini pampu ya bwawa iko kwenye mita ya pamoja. Pampu inayotumia kilowati 1.1 ikiendeshwa saa 8 kwa siku hula takriban yuniti 9, ambazo kwa mwezi ni kama 270. Kwa bei ya zaidi ya shilingi 20 kwa yuniti, hiyo ni zaidi ya shilingi 5,000 kabla ya dawa, kabla ya mshahara, kabla ya tone moja la maji. Katika jengo la fleti 20 mzigo huo ni mwepesi. Katika jengo la fleti 4, ambayo ndiyo mengi katika mji mdogo, kila mmoja huusikia, na kishawishi cha kupunguza saa za pampu ni kikubwa. Ukimwona msimamizi anaiwasha saa mbili tu kwa siku, usimlaumu kwa haraka, lakini usishangae pia maji yakigeuka.

Kuhusu watoto sitasema kwa mzunguko. Mtoto anayezama hapigi kelele kama tunavyodhani. Hushuka kimya, na dakika chache zinatosha. Mabwawa mengi ya hapa hayana uzio, kwa sababu yalijengwa ili yapendeze kwenye picha, na walioyajenga walikuwa wazee wastaafu. Mimi nilikataa fleti mbili nzuri kwa sababu mlango wa sebuleni ulifungukia moja kwa moja ukingoni mwa bwawa. Hii ninayoishi iko ghorofa ya kwanza, bwawa lina uzio wenye lango linalojifunga, na sheria ya nyumbani kwangu ni kwamba mtu mzima anayewalinda watoto hashiki simu.

Majirani ni sura nyingine. Msimu wa mvua tunakuwa familia chache, na jioni bwawa huwa letu pamoja na kima wanaotoka kwenye miti kuja kunywa, wakinyoosha shingo ukingoni kwa adabu kuliko baadhi ya wageni. Desemba inapofika, fleti za jirani hujaa watu wa Nairobi na wa ng'ambo wanaokaa siku tatu na kuondoka, na kwao bwawa ni sherehe. Siwalaumu, wamelipa. Lakini muziki wa saa sita usiku juu ya maji husafiri kwenye kila chumba, na chupa ya kioo inapovunjika kando ya bwawa hakuna anayejua vipande vimeishia wapi. Jengo letu lilipitisha kanuni kwamba bwawa linafungwa saa tatu usiku na vioo haviruhusiwi, na kibao kikaandikwa kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiitaliano. Kanuni hiyo inafuatwa kwa sababu mlinzi amepewa mamlaka ya kuitekeleza hata dhidi ya mwenye fleti, jambo ambalo lilihitaji mikutano kadhaa na mabishano yasiyo madogo.

Mkataba wangu unakaribia mwisho, na mazungumzo ya kuuongeza yameanza. Mwenye fleti anataka kupandisha kodi, akisema Watamu inakua, na ni kweli. Mimi nimemwandikia kwamba niko tayari kuongeza kidogo iwapo jengo litafanya mambo mawili: kufunga mifereji ya paa ili mvua ya masika iingie kwenye tangi la bwawa badala ya kutiririka barabarani, na kununua kifuniko cha kutandika juu ya maji usiku na katika wiki ambazo jengo liko tupu, ili maji yasipotee bure. Paa lenye eneo la mita za mraba 300 likipata mvua ya milimita 100 linaweza kukusanya hadi lita 30,000, na mwezi wa Mei katika pwani hii hushinda hapo katika miaka mingi. Amenijibu kwamba kifuniko kitaharibu sura ya bwawa kwenye picha za matangazo. Nimemtumia hesabu ya maboza ya mwezi wa Februari uliopita, pamoja na stakabadhi, na sasa ninasubiri jibu lake.